Kupaa, Kugeuka, Kuruka: Historia ya Ndege za Rafadha Geu na Istilahi Zake

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyojifunza kupanga kupaa kwa ndege iondokayo wima kama helikopta kisha ikaruka kwa mabawa. Shabaha yetu ni ya kiistilahi. Wafasiri wengi hutumia neno moja tu, "kuruka", kwa safari nzima tangu ndege iache ardhi. Tunaona kwamba neno hilo linaificha hatua ambayo historia imeonyesha kuwa ngumu kuliko zote.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili liko mbali naye. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani, iliyotengenezwa na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, ilitangazwa kuwa imekamilisha majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa DHL na shirika la GIZ. Ndege ilikata kilometa 60 juu ya Ziwa Viktoria kwa dakika 40 hivi, hali safari ya nchi kavu ni ya kilometa 240 na huchukua saa sita. Haikuhitaji kiwanja cha kukimbilia. Ilipaa rafadha zake zikielekea juu, kisha rafadha hizo hizo zikainamishwa mbele na mabawa yakaupokea uzito.

Neno rafadha tunalo tayari katika vyombo vya baharini, kwa kifaa kinachosukuma meli. Wako wanaopendelea panga, kwa kufuata helikopta. Sisi tumeshika rafadha kwa sababu kifaa hiki kina kazi mbili, kuinua na kuvuta, na ndege yenyewe tumeiita ndege ya rafadha geu. Tunajua kwamba wako watakaocheka, maana kigeugeu kwetu ni mtu asiyeshika neno lake. Lakini kugeuka ndiko hasa kunakoitofautisha ndege hii na nyingine zote.

Hebu tutazame tarehe zilivyo. Nchini Marekani ndege iitwayo Model 1-G, ya kampuni ya Transcendental, iliinuka mwaka 1954. Mwaka uliofuata ikaanguka, nayo haijawahi kukamilisha mgeuko hata mara moja. Ndege ya XV-3 ya kampuni ya Bell ilipaa tarehe 11 Agosti 1955. Mwezi Oktoba 1956 ikaanguka na rubani akaumia vibaya. Ndege ya pili ya aina hiyo ndiyo iliyokamilisha mgeuko hewani, tarehe 18 Desemba 1958. Basi baina ya kupaa na kugeuka ilipita miaka zaidi ya mitatu. Iliyofuata, XV-15, ilisimama hewani Mei 1977 lakini haikugeuka kikamilifu hadi Julai 1979. Kwa V-22 muda ulikuwa miezi sita tu, Machi hadi Septemba 1989. Bell ilijaribu njia hiyo katika ndege isiyo na rubani pia, Eagle Eye, katika miaka ya 1990. Waliokuwa wakiijenga elimu hii hawakuweza kuridhika na neno moja. Waliona kwa macho yao kwamba chombo kinaweza kupaa vizuri kabisa na bado kisijue kuruka.

Ama kuhusu kupanga kupaa kwa uangalifu wa nishati, hesabu ndogo itatusaidia. Tuchukue ndege ya kilo 10 yenye rafadha nne za kipenyo cha sentimeta 40. Kuisimamisha hewani kwahitaji wati 870 hivi, bila kuhesabu upotevu wa mota na wa rafadha zenyewe. Ndege hiyo hiyo ikiruka kwa mabawa mita 25 kwa sekunde, na ukinzani wa hewa ukiwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, zatosha wati 245. Kila sekunde inayokaa wima hula betri ambayo ingeipeleka mbali zaidi. Ndiyo maana hatupendi kusimama huku kuitwe "kuelea". Ngalawa huelea bure, hata mwenyewe akiwa amelala. Ndege iliyosimama hewani inatumia nguvu nyingi kuliko wakati mwingine karibu wote wa safari. Tunashauri "kusimama hewani".

Kwa hiyo mpangaji hutaka ndege ipae wima kadiri ya kupita miti na paa tu, kisha igeuke mapema na kuendelea kupanda kwa mabawa. Hata hivyo hawezi kuinamisha rafadha apendavyo. Kwa kila pembe kuna mwendo wa chini, ambao chini yake bawa na rafadha kwa pamoja haviwezi kubeba uzito, na kuna mwendo wa juu usiofaa kuzidiwa. Nafasi baina ya mipaka hiyo tumeiita ushoroba wa mgeuko, kwa neno lililokwisha zoeleka katika mambo ya wanyamapori.

Hapa pana neno la hatari. Bawa likipita pembe fulani dhidi ya hewa inayolijia, hewa huachana nalo na bawa huacha kubeba. Tumeona tafsiri zinazosema kwamba bawa "limezimika". Kuzimika ni kwa injini, na hapa injini inanguruma. Utafiti wa Chauhan na Martins wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu ndege ya umeme ambayo bawa lake zima huinama. Ulionyesha kwamba njia inayotumia umeme kidogo kabisa hugeuka upesi, bawa likiwa karibu na mpaka huo au limeuvuka. Na kwamba kujizuia kuuvuka huongeza matumizi kidogo mno. Mfasiri akiandika kuzimika katika maelezo kama hayo, fundi ataelewa kwamba mota zizimwe ndege ikiwa hewani. "Kuacha kubeba" ni maneno mawili badala ya moja, lakini hayaui.

Yako pia maneno kimo na mwinuko, ambayo huchanganywa sana. Kimo tukiache kwa urefu kutoka ardhini, na mwinuko kwa urefu kutoka usawa wa bahari. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege ya mfano wetu itahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 8 au 9 ili isimame. Kanuni isemayo "geuka katika mita 30" ina maana ya kimo. Jedwali la nguvu linadai mwinuko.

Mwisho ni pembe. Katika XV-15 na V-22 rafadha zikielekea juu huhesabiwa nyuzi 90, na zikielekea mbele ni sifuri. Wahandisi wengine huanza kuhesabu kutoka wima. Hivyo "nyuzi 20" katika jedwali moja ni ndege iliyokaribia kumaliza mgeuko, na katika jingine ni ndege iliyoanza tu kuinama. Tunashauri mfasiri aandike daima "nyuzi 20 kutoka wima" au "nyuzi 20 kutoka mlalo". Iwapo matini ya asili imenyamaza, amwulize mhandisi kabla hajaandika.