Violeti ya Usambara

Violeti ya Usambara (Streptocarpus ionanthus) ni mmea mdogo wa kudumu, wenye majani ya manyoya yaliyojipanga duara karibu na ardhi na maua ya zambarau. Asili yake ni milima ya Tao la Mashariki na pwani jirani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alipeleka mbegu kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo hupamba madirisha Ulaya na Marekani, ambako wakulima wamezalisha aina zenye maua meupe na ya waridi. Inasikitisha kwamba hapa nyumbani Tanzania wanaoupanda ni wachache.

Hapa mkoani Morogoro, Kilosa na Mikumi ziko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, lakini joto lisimkatishe mtu tamaa, kwani huko Tanga violeti za mwituni huota hadi karibu na pwani. Unachotaka ni kivuli na hewa yenye unyevu. Kwenye vijiji vya milima ya Ukaguru na Rubeho, wilayani Kilosa, ambako hakuna joto kali, kazi ni nyepesi zaidi.

Kinachoua violeti nyingi ni maji mengi. Porini hujishikiza kwenye nyufa za miamba, penye udongo wa kiganja tu, na maji ya mvua hayatuami. Basi tumia chungu kidogo chenye tundu chini, ujaze majani yaliyooza, mchanga wa mto na vipande vya mkaa. Kwenye bustani ya mawe, uchomeke ufani chini ya mti, ukiulaza kidogo ili maji yasikae katikati ya majani. Masika chungu kiwe barazani. Kiangazi kiweke juu ya kokoto ndani ya sahani ya maji, kitako kisiguse maji. Mwagilia udongo, si majani, na tena pale tu udongo wa juu unapokauka.

Kuzalisha ni rahisi. Kata jani lililokomaa pamoja na sentimita 3 za kikonyo, lichomeke mshazari kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki kadhaa miche huchomoza shinani, vijani vyake vidogo kama masikio ya panya. Ikishapata majani manne hivi, itenganishe.

Baadhi ya violeti za mwituni zimo hatarini kutoweka kwa sababu ya ukataji wa misitu. Usiing'oe porini, omba jani kwa aliye nayo, moja latosha.