Kahawa Chini ya Migomba, Mbele ya Kamera

Katika orodha ya filamu zilizopigwa Tanganyika na nchi jirani kati ya 1935 na 1937, ipo moja ambayo mtu wa Kashozi akisikia jina lake atatabasamu: Kahawa Chini ya Kivuli cha Migomba. Hapa Kashozi, karibu na Bukoba mkoani Kagera, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1892, mibuni na migomba ilikuwa ikikaa pamoja kibanjani zamani, kabla ya mzungu yeyote kutia mguu. Wahaya walichemsha buni, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni, na Bakama, wafalme wao, walikuwa na neno juu ya upandaji wake. Kisha ikaja filamu ya kufundisha jambo hilohilo.

Mradi uliozitoa filamu hizo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka hasa Carnegie Corporation ya New York, na Baraza la Kimataifa la Misheni likawa mlezi wake. Msimamizi wake wa upigaji filamu, Meja L. A. Notcutt, aliwahi kuendesha shamba la mkonge, na makao yake yalikuwa Vugiri, milimani Usambara. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yaliwekwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, ikachezwa sambamba na picha wakati watu wamekusanyika usiku.

Notcutt na wenzake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio, kwa hiyo wakazipiga polepole. Ni dharau, tena isiyojificha. Lakini dharau hiyo imetuachia faida ambayo wao hawakuikusudia: kamera isiyo na haraka inampa mtazamaji wa leo nafasi ya kuangalia mikono, majembe, nguo na kuta za nyumba, vitu ambavyo hakuna ofisa aliyeona haja ya kuviandika kwenye ripoti.

Zilikuwa filamu 35. Zinazojulikana kubaki ni 3, nazo zimehifadhiwa Uingereza: ya minyoo ya safura, ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ya mashamba ya wakulima Kingolwira, Morogoro. Ya kahawa haimo.

Na mwaka uleule wa 1937 mradi ulipofungwa, wakulima wa Bukoba walikuwa wakizipinga kanuni za serikali za utunzaji wa kahawa, hadi zikazuka ghasia. Hapo ugomvi haukuwa juu ya kivuli cha migomba. Ulikuwa juu ya nani mwenye amri ndani ya kibanja alichorithi mtu kwa babu yake. Somo la namna hiyo halikuwa na nafasi katika filamu za Vugiri, na anayetaka kuijua kahawa ya Kagera ya wakati huo ayasome mafaili ya serikali kwa makini kuliko anavyozitazama picha.

Miaka ya 1950 serikali nayo ilijaribu kufundisha kwa filamu, safari hii na kampuni kutoka Afrika Kusini na kwa hadithi za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayelaghaiwa mjini, mwigizaji mkuu alikuwa kijana ofisa wa ustawi wa jamii. Leo onyo lile kuhusu walaghai wa mjini halimshughulishi mtu. Watu huitafuta filamu hiyo ili wamwone Rashidi Kawawa akitembea na kucheka, miaka 10 kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, Januari 1962.