Mgeni wa Reli na Mwenyeji Wake: Habari za Kigoma, Ujiji na Simbo

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika pwani yetu ya Ziwa Tanganyika mgeni mkubwa alifika mwezi wa Februari mwaka wa 1914, nayo ni reli itokayo Dar es Salaam. Nataka kueleza jinsi mji wa Kigoma ulivyopangwa kwa ajili ya mgeni huyo, na kama mwenyeji wake, aliyekaa Ujiji na katika mashamba ya Simbo, alipona kweli. Habari hizi si za kale tu, maana mgeni wa pili yu njiani.

Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858 walikuta mahali pa biashara palipojulikana hata pwani ya bahari. Mawese na samaki yalitoka kwa wenyeji wenyewe, chumvi ililetwa kutoka Uvinza, na pembe za ndovu zilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Waliuzwa na watumwa pia, nayo ni aibu isiyofaa kufichwa. Mafundi wa serikali hawakuupima mji ule kwa kamba. Watu walikutana hapo kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu alichokihitaji mwenzake.

Lakini ziwa lenyewe liligeuza mambo. Mnamo mwaka wa 1878 maji yaliyojaa sana yalipasua njia yake ya kutokea katika mto Lukuga, upande wa Kongo, yakapungua mwaka hata mwaka kadiri ya meta 10. Pwani ya Ujiji ikarudi nyuma. Mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka wa 1871, ambapo leo pana mnara wa ukumbusho, pako mbali na maji. Basi Wadachi walipotafuta mwisho wa reli yao waliiacha Ujiji, wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyokingwa na vilima. Kazi waliyoianza Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi.

Kwa habari ya bandari shauri lao lilikuwa jema. Lakini shabaha yao ilikuwa kuvuta biashara ya ziwa na ya Kongo, wala si kuwastawisha wakulima walio karibu. Hata meli yao Goetzen ililetwa vipande vipande katika masanduku, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe, wasiwaachie adui zao. Iliopolewa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza tena safari chini ya Waingereza, nayo ndiyo Liemba.

Baada ya vita, kwa mapatano ya mwaka wa 1921, Wabelgiji walipewa sehemu yao katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ipite. Ikapita kweli. Lakini mwaka wa 1931 reli ya Benguela iliunganisha Katanga na bahari ya magharibi, na shaba ikapata njia nyingine iliyo fupi zaidi. Waliokata shauri hilo walikuwa mbali sana na Kigoma, wala hawakuwa na haja ya kuwauliza wapagazi wa gatini kwamba watakula nini.

Tena reli ilichukua mzigo mwingine ambao haukuandikwa katika mashauri ya kwanza, yaani watu. Vijana wengi wa Uha walitia vidole katika mikataba, wakapanda gari la moshi kwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mwaka wa 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chama cha kuwaandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la Silabu. Nyumbani majembe yalibaki mikononi mwa wanawake na wazee.

Sasa tutazame Simbo, upande wa bara nyuma ya Ujiji. Hapo ndipo inapoanzia barabara iendayo kusini hata Ilagala na Kalya. Ajuaye kazi ya mawese anajua ilivyo nzito. Chikichi huchemshwa, hutwangwa, hukamuliwa, kisha mafuta huenguliwa. Hata kokwa hazitupwi. Hupasuliwa zikatoa mise, na mafuta ya mise hufaa kwa sabuni. Lakini masika yakiharibu njia, mwenye mafuta humwuzia mchuuzi wa kwanza kwa bei aitakayo mchuuzi. Kwake yeye, daraja dogo la kijijini lina thamani kuliko gati kubwa la Kigoma.

Mwaka wa 1972, katika Operesheni Kigoma, serikali iliwahamisha watu wengi wa mkoa huu wakae pamoja vijijini, wapate shule, maji na dawa. Nia ilikuwa njema, lakini wengine walihamishwa kwa nguvu, na michikichi yao ikabaki mbali katika mahame. Mchikichi hauhamishwi kama kitanda.

Mwezi wa Desemba 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa reli mpya kutoka Tabora hata Kigoma, kilometa 506. Mwezi wa Januari 2025 ukafuata mkataba wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, katika nchi ya Burundi. Angalieni ramani, ninyi walimu, mwaonyeshe watoto. Mizigo ya Burundi itaweza kugeukia Uvinza pasipo kufika ziwani. Basi mji utakaotegemea mizigo ya wapitao utaweza kupatwa na yaliyoupata mwaka wa 1931. Wala ziwa halikuacha tabia yake, maana katika miaka ya karibu 2020 lilipanda tena, likafunika magati na nyumba za pwani.

Kwa hiyo yafaa shauri la mji lianzie kwa mwenyeji. Tangu mwaka wa 2018 serikali imehimiza upya michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu ya tenera, ambayo tunda lake lina nyama nyingi na kokwa nyembamba kuliko la miti yetu ya zamani. Hiyo ni hatua njema. Lakini mbegu bila barabara, na barabara bila kinu cha kukamulia, hazitamfikisha mkulima mbali.

Basi mtakapoitwa katika mkutano wa kijiji, msiogope kuuliza. Reli itakapofika, mzigo wetu utakuwa nini? Mafuta yatakamuliwa hapa, au chikichi zitakwenda kukamuliwa kwingine? Aliye na shamba mahali patakapojengwa atalipwa lini, kabla ya kuondoka au baadaye? Mgeni wa kwanza alipokuja, wazee wetu hawakuulizwa. Huyu wa pili hajabisha hodi bado, na mwenyeji angali ana nafasi ya kupanga nyumba yake.