Fimbo ya pili ndani ya 4x4: ilitoka wapi, na sababu gani inakwama

Kila mvua ikikaza, garaje za Bukavu, Goma na Butembo zinajaa 4x4 za zamani zenye ugonjwa uleule. Fimbo ya pili imekwama, ao 4x4 inaingia lakini magurudumu ya mbele hayavuti, ao vitesi inalia kama inasaga mawe. Jibu la kwanza mara nyingi ni kushusha buate. Mwenye gari analipa siku tatu za kazi, mzigo unaoza njiani, kisha inaonekana buate haikuwa na kosa. Ugonjwa huo ulizaliwa pamoja na gari yenyewe, kwa hiyo tuanze huko.

Gurudumu la nyuma linasukuma tu, lakini la mbele linapashwa kuvuta na kukata kona kwa wakati mmoja. Hilo ndilo lililowasumbua wahandisi wa kwanza. Mwaka 1908, huko Clintonville, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Otto Zachow na William Besserdich walipata hataza ya kiungo kinachoruhusu kazi hizo mbili. Kampuni iliyotoka hapo, FWD, iliuza maelfu ya malori kwa majeshi ya Uingereza na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini babu wa magari yetu ni Jeep ya 1941. Willys na Ford walitengeneza zaidi ya 600,000 mpaka vita ilipoisha. Nyuma ya buate kubwa waliweka buate ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na fimbo yake pembeni. Wakati wa kukata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ili kusawazisha tofauti hiyo ingehitajika diferansieli ya tatu, katikati ya gari. Jeep haikupewa. Ilitengenezwa kwa haraka, iwe nyepesi na rahisi, na kwenye matope kasoro hiyo haionekani: mpira unateleza kidogo, hesabu inalingana. Kwenye lami mpira hautelezi. Kardani zinajipinda, meno ndani ya buate ndogo yanabanana, na fimbo inakataa kutoka.

Waingereza waliliona tatizo mapema. Land Rover ilipotokea mwaka 1948, magurudumu yote manne yalivuta wakati wote, na kifaa maalumu kiliruhusu ya mbele kukimbia zaidi. Mwaka 1950 waliacha njia hiyo, wakarudi kwenye fimbo ya kuchagua. Diferansieli ya katikati ilikuja na Range Rover mwaka 1970. Toyota ilifuata njia ya Jeep: mwaka 1951 ilitoa gari iliyoitwa kwanza Toyota Jeep BJ, na mwaka 1954 jina likageuzwa kuwa Land Cruiser, kwani Willys walidai jina la Jeep ni lao. Aina ya 70, ile tunayoiona kila siku barabarani kwetu, ilianza 1984, na nyingi zake zina mpango uleule wa 1941.

Kwa barabara zetu mpango huo ulikuwa na maana. Mnamo Novemba 1964 msafara wa kijeshi wa Kanali Vandewalle, Mbelgiji, ulitoka Kindu kwa Jeep na malori, ukapita Punia na Lubutu, ukaingia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, tarehe 24. Mwenye kujua njia ya Lubutu wakati wa mvua haulizi sababu gani walihitaji gari inayovuta mbele. Lakini shofa wa leo anatoka kwenye matope ya Walikale, anafika kwenye lami ya Bukavu, na anaiacha 4x4 imefungwa. Tena mipira ya mbele ni mipya, ya nyuma imeisha: vipimo vyake havilingani, na gari inajipinda hata ikienda mbele bila kona. Fimbo ikikwama hivyo, usiipige nyundo. Rudi nyuma polepole, mita chache, usukani ukiwa sawa, huku ukiivuta fimbo. Isipotoka, inua gurudumu moja kwa kriki. Mara nyingi inaachia yenyewe.

Magurudumu ya mbele yasipovuta, anza nje kabla ya ndani. Land Cruiser nyingi za zamani zina kofia za kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele, zenye maandishi «FREE» na «LOCK». Zima motere, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, weka fimbo ya pili kwenye magurudumu mawili. Funga kofia, inua gurudumu moja la mbele, lizungushe kwa mkono huku mwenzako anaangalia kardani ya mbele. Kardani ikizunguka, kofia inashika. Ikitulia, kosa liko kwenye kofia ao kwenye ekseli, wala si kwenye buate. Fanya hivyo upande wa pili. Kofia zote zikiwa nzima, ingiza 4x4 na vitesi ya kwanza, kisha zungusha tena: gurudumu likizunguka pamoja na kardani, hapo ndipo buate ndogo na fimbo yake vinashukiwa.

Vitesi inayolia nayo ina historia. Cadillac ndiyo iliyoleta, mwaka 1928, pete za kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajaingiana. Land Rover ilingoja mpaka 1971 ndipo vitesi zote za mbele zikapata pete hizo. Wazee walioendesha za kabla yake walikanyaga ambriaji mara mbili, na mkono wao unatambulika mpaka leo. Kipimo ni rahisi: motere ikiwa polepole, kanyaga ambriaji, ngoja sekunde chache, ingiza ya nyuma. Ikilia, ambriaji haiachi vizuri. Ikiingia kimya lakini ya pili inalia gari ikitembea, pete ya pili imeisha. Angalia pia mafuta: pete hizi za shaba nyingi zinataka GL-4, na GL-5 iliyotengenezwa kwa ajili ya diferansieli inaweza kuzidhuru.

Kuna tena mito. Ekseli imepata moto, inaingia ghafla ndani ya maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mihuri. Baada ya kuvuka mto mrefu, legeza boliti ya kujazia: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yabadilishe kabla ya safari nyingine. Waliotengeneza gari waliweka tundu la kupumulia ili hewa ipite huko. Liko juu ya ekseli, na kofia yake ndogo, kwenye magari mengi ya huku, imezibwa na udongo mwekundu tangu miaka.