Bichi Bila Mchanga

Mtu wa Mombasa akisikia neno bichi, mawazo yake huenda Nyali, Bamburi au Diani: mchanga mweupe, ngamia wa kukodi, vijana wanaowauzia watalii vinyago na shanga. Mtu wa Sori, Mbita au Muhuru, kandokando ya Ziwa Victoria, akilisikia neno lilo hilo hufikiria mizani, daftari la mashua, mwenyekiti na madeni. Atakwambia bichi imekutana jana jioni, bichi imemtoza faini fulani, bichi imemchangia mjane gharama za mazishi. Mwingereza akisema hivyo kuhusu ufuo wa kwao ataulizwa kama amepigwa na jua.

Kwa Waingereza wenyewe neno beach halikutulia. Katika karne ya 16, kwenye pwani ya kusini mashariki ya nchi yao, lilikuwa jina la kokoto zinazosagwa na kusukumwa na mawimbi. Baadaye likawa jina la ufuo ulioshika kokoto hizo, kisha likawa kitendo cha kupandisha chombo nchi kavu. Juni 1944 lilikuwa uwanja wa vita: Utah, Omaha, Gold, Juno na Sword, mafuo matano ya Normandy ambako majeshi ya Washirika yalishuka kupigana na Wajerumani. Lakini hata huko, bichi ilibaki kuwa ardhi. Kuigeuza kuwa kundi la watu lenye uongozi na sheria zake kulihitaji Ziwa Victoria, na hasa sehemu ya Kenya, ambayo ni kama asilimia 6 tu ya ziwa zima.

Si kwamba watu wa ziwa walikosa neno. Waluo wana wath, mahali chombo kinapotua, na dho nam, ukingo wa ziwa. Wath Onger, huko Nyatike katika bonde la chini la mto Kuja, bado inalibeba neno hilo kwenye jina lake. Kiswahili nacho hakikuwa maskini. Zanzibar samaki hushushwa dikoni. Mwanza hushushwa mwaloni, na soko kubwa la dagaa la mji huo linaitwa Kirumba Mwaloni hadi leo. Waganda ng'ambo ya pili wanasema omwalo. Mtu angetarajia mwalo uvuke mpaka pale Muhuru, ambako Tanzania iko karibu sana, ukaenea hadi Kendu. Haukuenea. Kilichoenea ni neno la Kiingereza, na sababu inaonekana kuwa njia lilikopitia: halikuletwa na wavuvi bali na makarani.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Hadi wakati huo uvuvi wa Ghuba ya Winam na pwani za kusini ulitegemea mitego ya fito, vikapu, ndoana na nyavu za kukokota zilizosukwa kwa mafunjo. Mwaka 1905 Mnorwe mmoja alileta nyavu za kutega za kitani, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kupanda garimoshi kwenda kuuzwa mbali. Kwa miaka michache samaki walijaa nyavuni, kisha wakaanza kupungua. Serikali ikamtuma mtaalamu wa uvuvi Michael Graham, ambaye alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928 na kupendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, ikaundwa idara ya uvuvi ya ziwa zima.

Idara hiyo ilikuwa na tatizo ambalo kila mkusanya takwimu analijua. Mvuvi akiwa majini hahesabiki. Huhesabika anapotua. Kwa hiyo kila mahali mashua zilipozoea kutua palihitaji jina, na jina likahitaji mstari kwenye kitabu. Ni rahisi kuona jinsi kipande cha mwambao kilivyoanza kuwa ofisi: anayeulizwa samaki ni wangapi lazima awe mtu, na mtu huyo akaitwa kiongozi wa bichi.

Kiingereza kiliacha alama nyingine kwenye ramani ya ziwa. Homa Bay, Kendu Bay na Muhuru Bay zilipata mkia wa bay, nao ukang'ang'ania kiasi kwamba hakuna anayesema Ghuba ya Homa. Siku hizi kaunti nzima inaitwa hivyo, na mkazi wa Oyugis, aliyezaliwa milimani kati ya migomba, naye ni mtu wa Homa Bay. Kendu ilikuwa na gati, na meli za reli zilipita hapo zikibeba abiria na mazao. Gati, hata hivyo, ni mali ya serikali na meli. Bichi ni ya mashua.

Kilichoifanya bichi inenepe ni mbuta. Samaki huyu, ambaye Watanzania humwita sangara, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa kimya karibu miaka 20, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa, huku fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, wakitoweka midomoni mwake. Viwanda vya kukata minofu vikafunguliwa, malori yenye barafu yakaanza kushuka hadi majini, na vijana kutoka sehemu ambazo hazikuwahi kuona ziwa wakahamia visiwa vya Remba, Ringiti na Mfangano. Wenye mashua wakawa tabaka la peke yao. Vibarua wao waliitwa baria, neno la Kiswahili baharia likiwa limepoteza silabi moja safarini.

Neno jingine la Kiswahili lililopata maisha mapya huko ni boya. Waluo waliongeza ja- mbele yake, wakapata jaboya: mvuvi anayemwuzia mwanamke samaki kwa sharti la mapenzi. Samaki walipopungua, wanawake waliotaka mzigo wa kwenda nao sokoni walilazimika kuwa na jaboya wao katika kila bichi waliyonunua. Uchunguzi wa kitaifa wa virusi vya ukimwi wa mwaka 2018 uliiweka Homa Bay juu ya kaunti zote kwa asilimia 19.6, na Migori ikiwa na 13.0. Jaboya si sababu pekee, na si haki kuwatwika wavuvi mzigo wote, lakini hakuna anayezungumzia afya mwambaoni akaliruka neno hilo.

Mageuzi makubwa yalitoka Ulaya. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, kisha kwa taarifa za watu waliovua kwa sumu. Ili mnofu wa mbuta upite tena, ilibidi mahali unapotua pawe na paa, sakafu ya saruji, maji safi na ua. Hapo ndipo banda lilipoingia kwenye picha. Mwaka 2007 kanuni za serikali zikakamilisha kazi: kila bichi iwe na kitengo cha usimamizi, ambacho kila mtu anakiita BMU, chenye uanachama, uchaguzi na kamati inayowakutanisha wenye mashua, mabaria na wachuuzi. Kuanzia siku hiyo mtu angeweza kuishi kilomita tano kutoka majini na bado awe mwanachama wa bichi, na mwingine aoge pale pale kila asubuhi asiwe mwanachama.

Asubuhi kwenye bichi ya omena, yaani dagaa wa ziwa hili, inaonyesha neno hili linavyofanya kazi. Mashua hurudi alfajiri, taa zilizovuta omena usiku kucha zikiwa zimezimwa. Wanawake hungoja na makarai, wengine wamesimama majini hadi magotini ili wawahi. Omena hupimwa kwa karai, karani wa BMU huandika, ada hukatwa, kisha mzigo humwagwa juu ya nyavu kuukuu ukauke juani. Mvua ikinyesha kabla ya saa nane mchana, omena huishia kuwa chakula cha kuku na bei huanguka. Omena akifika sokoni Rongo au Awendo hupimwa kwa kipimo kingine, gorogoro. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai hakuna omena wa kuvua kisheria, na watu husema bichi imefungwa, ingawa ng'ombe wananywa maji hapo kama kawaida na watoto wanaogelea.

Sheria nayo ina mzaha wake. Wavu unaokokotwa hadi nchi kavu, unaozoa mayai na vifaranga vya samaki, kwa Kiingereza huitwa wavu wa bichi. Ulipigwa marufuku nchini mwaka 2001. Kwa hiyo miongoni mwa kazi za kamati ya bichi ni kuhakikisha kwamba wavu wa bichi haufiki bichini.

Mfano wa mwisho kabisa wa safari ya neno hili uko Migingo. Kisiwa hicho, ambacho Kenya inakihesabu ndani ya kaunti ya Migori, ni mwamba ulioezekwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, mdogo kuliko uwanja wa mpira. Hakuna mahali pa kutandika mkeka. Polisi wa Uganda walipandisha bendera yao hapo mwaka 2004, mwaka 2009 nchi mbili zikatuma wapima ardhi, na mzozo ukaendelea. Katika muda wote huo Migingo ilikuwa na BMU na mwenyekiti wake, ambaye waandishi wa habari walimpigia simu kila bendera ilipogombaniwa. Bichi ipo, mchanga hakuna.

Mei 2020, baada ya miezi ya mvua nzito, kipimo cha maji ya ziwa huko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kiwango kilichoipita rekodi ya mwaka 1964. Kandokando ya Homa Bay na Migori maji yaliingia mabandani, vyooni na kwenye nyumba za wavuvi. Mashua zikatua mashambani, mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na mahindi. Hapo likazuka swali ambalo kanuni za 2007 hazikulitarajia: mwenye shamba atoze kodi, au shamba sasa ni bichi?