Uvimbe wa Kampala na dawa iliyouyeyusha

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika wodi ya Hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akakutana na mwingine wa namna hiyohiyo huko Jinja. Kisu hakikufua dafu, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Zikabaki dawa.

Dawa zenyewe zilishangaza. Kwa baadhi ya watoto, dozi moja tu ya saiklofosfamaidi ilitosha: uvimbe ukasinyaa ndani ya siku chache, wengine wakapona kabisa.

Lakini kasi hiyo ina hatari yake. Seli za uvimbe huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, huzaliana upesi mno, na dawa ikiziua hupasuka kwa wingi kwa wakati mmoja, zikamwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo huziba na mapigo ya moyo huvurugika. Mtoto anaweza kufa huku uvimbe wake ukipungua. Ndiyo maana dripu hutangulia dawa, mgonjwa akapewa alopurinoli ya kupunguza asidi hiyo, mkojo ukapimwa na damu ikachunguzwa tena na tena. Saiklofosfamaidi nayo huacha kwenye mkojo sumu inayochoma kibofu hadi mtu akakojoa damu. Maji mengi huitoa. Muuguzi anayepima mkojo usiku kucha anatibu saratani sawasawa na daktari aliyeandika dozi.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, Chuo Kikuu cha Makerere kikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker. Katika miaka hiyo ya Idi Amin Wamarekani waliondoka, na Mganda Charles Olweny akakishika kituo kikaendelea kutibu. Jina lake halitajwi inavyostahili. Leo kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Wewe unayemuuguza nyumbani mtu anayetibiwa kwa dawa za saratani, shika hili: chembe nyeupe za damu hushuka sana wiki moja au mbili hivi baada ya dozi. Akipata homa, usimpe panadoli ukasubiri kukuche. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na useme mlangoni kwamba yuko kwenye dawa za saratani.