Macho ya Tshopo: Yakusu ilitufundisha nini, na shule za miwani zipimwe namna gani?

KISANGANI – Mtu akipewa miwani isiyomfaa, kichwa kinamuuma, anaiacha nyumbani, na mwisho anaamini kwamba macho yake hayana dawa. Kosa la namna hiyo mara nyingi halianzii dukani. Linaanzia shuleni, pale fundi wa miwani alipofundishwa. Kwa hiyo swali la kupima na kuboresha mafunzo ya mafundi hao, wanaoitwa hapa opticien, si la maprofesa peke yao. Linamgusa mama mshonaji wa Kabondo, mwanafunzi wa Mangobo, na familia zilizohama Lubunga tangu mgogoro wa Wambole na Walengola ulipoanza mwaka 2023. Aliyekimbia nyumba ikiungua hakurudi ndani kutafuta miwani.

Kwanza tutenganishe kazi tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Ophtalmologue ni munganga aliyesomea magonjwa ya macho. Yeye anatibu na kupasua. Optométriste anapima nguvu ya kuona na kutambua dalili za ugonjwa. Opticien anasoma karatasi ya vipimo, anakata vioo, anavitia kwenye fremu na kuiweka sawa usoni mwa mtu. Katika nchi yenye waganga wachache wa macho, kazi hizi huingiliana, na mara nyingine mtu wa kwanza na wa mwisho kutazama jicho ni yule anayeuza miwani. Hapo ndipo ubora wa mafunzo unapokuwa jambo zito.

Tshopo ina historia yake katika jambo hili, nayo inapita Yakusu.

Yakusu iko kando ya mto Congo, chini kidogo ya Kisangani, mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1920 alifika pale munganga Mwingereza, Clement Chesterman, akitumwa na misioni ya Wabatisti. Wakati ule ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji. Munganga mmoja hangeweza kufika kila mahali kwa mtumbwi. Chesterman alijenga hospitali na kuanza kufundisha vijana wa sehemu hizi kazi ya uuguzi. Waliomaliza walitumwa kwenye zahanati za vijijini, na munganga alizunguka kuwafuata na kukagua kazi yao. Mafunzo hayakuishia siku ya kupewa karatasi.

Dawa kubwa ya malale wakati huo ilikuwa tryparsamide. Mtafiti Mmarekani, Louise Pearce, aliijaribu Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1920. Iliwaponya watu ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika ubongo. Lakini ilikuwa na hatari yake: iliweza kuharibu neva ya jicho na kumwacha mgonjwa kipofu. Mwenye sindano alipaswa kujua kipimo kinachofaa, kumuuliza mgonjwa kila mara kama bado anaona vizuri, na kusimamisha dawa mara mgonjwa anaposema kuna ukungu.

Mahali pengine utaratibu huo ulivunjika. Katika wilaya ya Bafia nchini Kamerun, iliyokuwa chini ya Ufaransa, munganga mmoja aliongeza kipimo cha tryparsamide kupita kile kilichowekwa. Wauguzi walidunga kama walivyoamriwa. Kosa lilipogunduliwa karibu na mwaka 1930, wagonjwa kiasi cha 700 walikuwa wamepoteza macho. Dawa ilikuwa ileile iliyookoa watu kwingine. Kilichokosekana ni usimamizi, na mtu wa ngazi ya chini mwenye ujuzi na haki ya kusema: tusimame, watu hawa wanapofuka.

Lakini Yakusu nayo isisifiwe bila kipimo. Utawala wa Ubelgiji uliwafundisha Wacongomani kuwa wasaidizi, kisha ukaweka dari juu ya vichwa vyao. Kijana angeweza kuwa muuguzi hodari kwa miaka ishirini bila njia ya kupanda kuwa munganga. Congo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na munganga Mcongomani mwenye shahada kamili ya udaktari. Shirika la Afya Duniani, OMS, lililazimika kusaidia kuwapeleka wasaidizi wa waganga Ufaransa ili wakamilishe masomo. Funzo liko wazi: shule inayomfundisha mtu kazi moja ndogo na kumfungia mlango wa kuendelea inaiachia nchi deni la baadaye.

Kuna sababu nyingine inayofanya Tshopo isiige tu programu ya Ulaya. Macho ya hapa yana adui wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, munganga Mbelgiji Jean Hissette aliwakuta vipofu wengi kando ya mto Sankuru, huko Kasai, na akaonyesha kwamba upofu wao ulitokana na oncho, ugonjwa unaoletwa na nzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi. Wataalamu wengi hawakumsadiki hadi msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulipofika mwaka 1934 na kuthibitisha. Yakusu yenyewe, munganga Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936 na kujulikana zaidi kwa kazi yake juu ya ukoma, alichunguza pia oncho katika vijiji vya mto. Nchi ya maporomoko na mito mingi kama Tshopo ni nyumba nzuri kwa nzi huyo.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa Mectizan bure kwa wagonjwa wa oncho. Kuanzia 1995 hadi 2015 programu ya Afrika ya kupambana na oncho, APOC, ilieneza dawa hiyo kupitia wagawaji waliochaguliwa na vijiji vyenyewe. Hawakuwa waganga. Walifundishwa mambo machache: kupima urefu wa mtu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge, kuandika daftari, na kumtambua asiyepaswa kupewa. Mafunzo yalikuwa mafupi, lakini yalilenga kazi halisi, na daftari liliweza kukaguliwa.

Sasa turudi kwa fundi wa miwani. Jicho lililoharibiwa na oncho halirudishwi na miwani. Presha ya jicho haiondolewi na miwani. Mtoto wa jicho anahitaji upasuaji. Fundi asiyejua hayo atamuuzia mzee kioo kizito, kisha kizito zaidi, huku muda wa kuokoa jicho ukipita. Kwa hiyo katika jimbo hili fundi bora si anayejua kukata kioo tu. Ni yule anayejua kusema: baba, hili si jambo la miwani, nenda hospitali, na barua hii hapa.

Kuna kipimo rahisi kinachoonyesha tofauti hiyo. Mgonjwa anatazama herufi ukutani kupitia tundu dogo lililotobolewa kwenye kadi nyeusi. Akiona vizuri zaidi, kuna matumaini kwamba miwani itasaidia. Asipoona tofauti, huenda kuna ugonjwa, na apelekwe mbele. Kadi hiyo haigharimu karibu kitu, lakini inataka mtu aliyefundishwa kuielewa.

Msumbiji imepitia njia hii. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Lúrio, mjini Nampula, kilianzisha masomo ya kwanza ya optometria nchini humo, kikisaidiwa na wenzake kutoka Ireland na kwingineko. Wanafunzi walipokaribia kumaliza, watathmini hawakutosheka na alama za mitihani ya karatasi. Waliwatazama wakiwapima wagonjwa halisi, na ikaonekana kwamba mazoezi ya kliniki yalihitaji kuongezwa nguvu. Programu haikufungwa kwa aibu. Upungufu ulitajwa wazi, ili kazi ya kuurekebisha ipate mahali pa kuanzia. OMS nayo ilitoa mwaka 2022 mwongozo wa ujuzi wa wahudumu wa macho, unaouliza hasa mhudumu anaweza kufanya nini.

Shule yoyote ya miwani, ya Kisangani au ya mahali pengine Congo, inaweza kujiuliza maswali hayohayo. Kila mwanafunzi amepima macho ya watu wangapi kwa mkono wake, na mwalimu alirudia kupima wangapi kati yao? Anaweza kupima umbali kati ya mboni mbili bila kukosea, maana kioo kikikaa kando ya mboni mtu huumwa kichwa hata kama nguvu yake ni sahihi? Anajua kwamba jicho la mtoto hujikaza likipimwa na linaweza kumdanganya, hivyo mtoto ahitaji uangalifu wa pekee? Anaweza kumpima asiyejua kusoma, kwa alama ya E inayogeuzwa pande nne? Na ni wagonjwa wangapi aliowapeleka hospitali kwa sababu aliona dalili ya hatari?

Swali la mwisho ni zito kuliko yote: miezi sita baadaye, watu waliopewa miwani bado wanaivaa? Jibu halipatikani ofisini. Linataka mtu aende nyumbani kwao aulize. Na anayetahini mwaka wa mwisho asiwe mwalimu wa shule ileile peke yake. Mtu wa nje aketi naye. Mabadiliko ya masomo ya juu nchini, yanayoitwa LMD, yaliyoenezwa tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yanatoa nafasi ya kupanga upya saa za darasa na saa za mazoezi. Nafasi hiyo isipotumiwa, jina litabadilika na kazi itabaki ileile.

Faida yake si ndogo. OMS inasema kwamba duniani ni watu 36 tu kati ya 100 wenye tatizo la kuona mbali linaloweza kurekebishwa kwa miwani ndio wana miwani inayowafaa. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea walipata ongezeko la mapato la karibu theluthi moja. Mshonaji anayeona tundu la sindano anashona nguo zaidi. Kwa familia iliyohama na kuanza maisha upya bila shamba, jambo hilo ni chakula cha jioni.

Inabaki tahadhari moja. Mahali wanapoishi wahami ni mahali rahisi pa kupata watu wengi wa kupimwa, na shule zinaweza kuvutiwa kuwapeleka wanafunzi huko. Ni vizuri waende, lakini pamoja na mwalimu, vifaa kamili, na njia ya kuwafikisha hospitali watakaokutwa na ugonjwa. Mhami asipewe miwani ya kubahatisha kwa kuwa ni ya bure. Bafia ilionyesha gharama ya kuwahudumia watu wasio na sauti bila usimamizi. Yakusu ilionyesha kwamba vijana wa Tshopo, wakifundishwa vizuri na kufuatwa kazini, wanaweza kuibeba afya ya mto mzima. Anayekalia kiti cha kupimwa ana haki ya kuuliza: wewe ulifundishwa wapi, na nani anakagua kazi yako? Shule nzuri humwandaa fundi wake kulijibu swali hilo bila kukasirika.